Tusiutetee Ukweli kwa Uongo



Hapa Ihanja, kama kwingineko, husikika katika jumuiya ndogo ndogo kwamba sindano ya kuzuia mimba, Depo-Provera, huleta saratani ya matiti, kwa kuwa mbwa waliochomwa dawa hiyo waliugua. Wasemao hivyo hudhani wanalitetea Kanisa. Sisi twasema wanalidhoofisha.

Ni kweli, mbwa waliugua. Walipewa dawa hiyo maabarani kwa miaka, wakaota uvimbe wa matiti. Na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za Marekani kuikataa sindano hiyo mwaka 1978. Lakini matiti ya mbwa huitikia homoni hizo tofauti na ya binadamu. Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Kenya, Mexico na Thailand: hatari haikuongezeka kadiri wanawake walivyoitumia kwa muda mrefu, ingawa ilionekana dalili ya ongezeko dogo katika miaka ya kwanza ya matumizi. Mwaka 1992 Marekani ikaikubali.

Anayesimulia habari ya mbwa na kuinyamazia ya wanawake hasemi ukweli. Amri ya nane haitoi ruhusa kwa wenye nia njema.

Je, basi maswali yamekwisha? Hasha! Sindano hiyo ilitumika katika nchi maskini wakati Marekani ikiikataa. Je, akina mama wangapi walielezwa hilo? Tena mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa matumizi ya zaidi ya mwaka mmoja huambatana na hatari kubwa zaidi ya uvimbe katika utando wa ubongo, ugonjwa ulio nadra. Mama ana haki ya kuambiwa yote, si nusu.

Fundisho la Humanae Vitae la mwaka 1968 halisimami juu ya mbwa. Lingebaki lile lile hata kama dawa hiyo ingekuwa salama kama maji, kwa maana linahusu ndoa yenyewe: upendo na uhai visitenganishwe. Tukilijenga juu ya hofu, siku mama atakapogundua tulimdanganya kuhusu mbwa, atatuaminije tukimhubiria habari za Mungu?

Makatekista na viongozi wa jumuiya, fundisheni njia za asili kwa subira. Aliyekwisha kuchomwa msimtishe; mshaurini aende kwa daktari akaulize.

Kristo awabariki.