Na wa kwetu waandikwe

Nimesoma makala yenu kuhusu kondakta Myung-whun Chung. Kuiongoza kwake okestra ya Seoul Philharmonic ya Korea Kusini kuanzia 2006 hadi 2015 si jambo dogo, maana okestra hulelewa kwa miaka. Lakini sisi wa Dodoma, tukisoma habari kama hizi, tunamkumbuka marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyeitwa na Mwalimu Nyerere kwenda Dar es Salaam miaka ya 1960. Baadaye alifundisha Bagamoyo na kuzunguka dunia na ala zake, ilimba na zeze, hadi alipofariki Desemba 2003. Albamu yake ya Chibite ilitolewa Uingereza.

Na huku kuongoza wapigaji wengi tunakujua sana. Njoo Chamwino, huku Dodoma, kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, utazame ngoma ya muheme: akina mama wamebana ngoma mapajani, kiongozi wao anabadilisha pigo moja tu, na kundi zima linageuka naye papo hapo, bila karatasi ya nota. Kwangu mimi, huo ni uongozi kamili wa muziki. Mhariri, tunaomba akina mama hao nao waandikiwe makala ndefu, wangali hai.