Ongezeni safu moja: barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: KOMPYUTA YA MWANAFUNZI WA UHANDISI

Kila mwaka, katika msimu wa matokeo ya kidato cha sita, Tume yako hutoa mwongozo wa udahili. Mzazi anayejua kuusoma hupata humo karibu kila anachokitafuta: jina la programu na namba yake, masomo ya lazima, alama za chini, nafasi zilizopo na miaka ya kusoma, ambayo kwa uhandisi ni minne. Ninaandika kuomba safu moja zaidi kwenye majedwali hayo. Iseme, kwa kila programu ya uhandisi, mwanafunzi atahitaji kompyuta mpakato ya uwezo gani, ataihitaji kuanzia mwaka wa ngapi, na kazi zipi atazifanya kwenye maabara ya chuo bila kulazimika kuwa na mashine yake mwenyewe.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi hapa Dar es Salaam. Kwenye ukoo na mtaani wameshaniita mtu wa kompyuta (sivyo, ila ubishi umenishinda), kwa hiyo majira ya udahili simu yangu haitulii. Swali ni lilelile: mtoto kachaguliwa uhandisi, tuna laki sita, tununue ipi? Nami huuliza ni uhandisi wa nini, kisha huuliza chuo kimesema atatumia programu zipi. La kwanza hujibiwa. La pili halina jibu, wala si kosa la mzazi, maana hakuna mahali alipoandikiwa.

Basi mzazi huenda Kariakoo bila karatasi yoyote mkononi, na muuzaji ndiye anayegeuka kuwa mshauri wake. Sina ugomvi na wauzaji. Wengi wao wanazijua mashine kuliko mimi. Lakini muuzaji huuza alicho nacho. Laki sita haifiki kwenye mpya ya maana. Inafika kwenye mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, mashine zilizofanya kazi maofisini huko Ulaya, Marekani au Ghuba, zikauzwa kwa jumla ofisi zilipobadilisha vifaa. Na niseme wazi, kwa fedha hiyo mtumba wa ofisini ndio ununuzi wa busara. Laptopu mpya za bei hiyo kwa kawaida huwa na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC iliyolehemewa kwenye bodi. Hung'aa dukani, halafu huzimia kwenye mchoro wa kwanza mkubwa wa AutoCAD.

Kazi ni kuchagua ndani ya huo mtumba. Mzazi huambiwa i7 ni kubwa kuliko i5, na kwa kuwa saba ni zaidi ya tano, hana sababu ya kubisha. Kumbe kinachoamua zaidi ni tarakimu zinazofuata. Prosesa ya i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, na ina viini viwili. i5-8350U ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne. Hata i7-7600U, ya mwaka 2017, bado ina viini viwili tu. Kwa hiyo ile i5 inayodharauliwa ndiyo yenye nguvu, na nimeziona zikikaa rafu moja, i7 kongwe ikitajiwa bei ya juu kwa sababu ya stika yake.

Hapo hapo kuna suala la mfumo endeshi. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, ukiondoa chipu chache, haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Anayeanza mwaka wa kwanza na mashine ya kizazi cha sita amenunua miaka minne ya kompyuta isiyopokea viraka vya usalama kwa utaratibu wa kawaida, huku flashi za wenzake zikiingia na kutoka kila siku. Maneno machache tu, "Intel ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya GB 8, diski ya SSD", yakiandikwa kwenye kitabu chenye nembo ya Tume, yangempa mzazi wa Sumbawanga kitu cha kumwonyesha muuzaji. Mengine, kama betri iliyochoka au mashine ambayo ukiisafisha na kuiunganisha intaneti inadai akaunti ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki, hayo ni ya fundi. Siombi Tume ifundishe watu kununua mtumba.

Ila safu hiyo haiwezi kuwa sentensi moja kwa uhandisi wote, na hapa ndipo vyuo vinapohitaji kusukumwa. Mwanafunzi wa umeme au elektroniki atashinda na Arduino, LTspice, KiCad, na Packet Tracer ya Cisco akiingia kwenye mitandao. Hizo ni programu nyepesi. GB 8 na SSD zitamvusha sehemu kubwa ya safari, na MATLAB akiihitaji inakwenda hata kwenye Linux. Wa ujenzi ana AutoCAD, Civil 3D, Revit, ETABS, SAP2000. Kwake, akishavuka mwaka wa pili, GB 16 si anasa. Wa mitambo akifika kwenye SolidWorks na ANSYS ataanza kutamani kadi ya grafiki inayojitegemea. Huyo ndiye wa kutafuta mtumba wa Dell Precision, HP ZBook au ThinkPad ya mfululizo wa P: nzito begani, chaji yake haidumu, lakini inabeba kazi. Wa kemikali, wa madini na wa jiomatiki kila mmoja ana zake. Kwa mjomba anayetoa fedha, wote hao wanasoma "uhandisi" tu.

Kijana mmoja wa jirani, anayesoma ujenzi, alitumiwa MacBook Air yenye chipu ya M1 na shangazi yake aliyeko Marekani. Ni mashine nzuri kuliko yangu. Tatizo ni kwamba Revit, Civil 3D na ETABS zimetengenezwa kwa Windows, na Mac za chipu za Apple hazina tena Boot Camp, ile njia rasmi ya kuweka Windows iliyokuwa kwenye Mac za Intel. Ipo njia ya kuzunguka kwa Parallels na Windows ya ARM, lakini inadai leseni nyingine na RAM zaidi, na hakuna anayekuhakikishia kwamba programu nzito itakubali. Kijana aliishia kuazima laptopu ya mwenzake usiku, mwenyewe akiwa amelala. Shangazi angesoma mahali "Windows ni lazima", fedha ileile ingetosha mashine ya kumfaa na chenji ikabaki.

Ninasisitiza pia "kuanzia mwaka wa ngapi", na naomba hilo lisipite kama nyongeza. Mwaka wa kwanza wa uhandisi kwa sehemu kubwa ni hesabu, mekanika, michoro ya kihandisi na utangulizi wa kuandika programu. Karibu mashine yoyote yenye afya inatosha. Mzigo huja baadaye, kwenye usanifu na mradi wa mwisho. Familia ikijua hivyo haitakopa kununua jitu la milioni mbili na zaidi kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Itanunua mashine inayoongezeka. EliteBook 840 G5, Latitude 5490 na ThinkPad T480 zote zina nafasi mbili za RAM: unaingia chuo na GB 8, mwaka wa tatu unachomeka GB 8 nyingine, na fundi anamaliza kazi kabla chai haijapoa. Zile nyembamba za kuvutia, kama X1 Carbon, RAM yake imelehemewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachohitimu nacho.

Ndugu Katibu Mtendaji, nayajua baadhi ya majibu utakayopewa vyuoni. Wapo watakaosema teknolojia inabadilika haraka mno kuandikwa kitabuni. Mwongozo hutolewa kila mwaka, sioni ugumu. Wapo watakaosema, na hili ni zito zaidi, kwamba mtoto wa mkulima akiona "GB 16" ataogopa na kuomba programu nyingine. Nimelifikiria sana. Lakini kunyamaza hakuliondoi hitaji, kunalisogeza tu hadi muhula ukiwa umeanza, wakati fedha ya nyumbani imeshanunua kitu kisichofaa na haiwezi kurudi.

Na ndiyo maana naomba safu iwe na upande wa pili, wa maabara. Chuo kikiandika kwamba SolidWorks hutumiwa kwenye maabara ya ndaki, iliyo wazi saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, mashine zipo na leseni ipo, mtoto wa mkulima hana haja ya ZBook. Atanunua laptopu ya kuandikia ripoti na kufanyia hesabu, na kazi nzito ataiacha huko. Chuo kisichoweza kuandika hivyo nacho kijulikane kabla mtu hajalipa ada. Nashuku hapa ndipo upinzani wa kweli utakapotoka, wala hautatajwa kwa jina lake.

Kuhusu leseni, safu isaidie kwa sentensi moja. Wanafunzi wengi huwekewa programu za kraki kwa flashi, na kirusi kinakuja humohumo, mara nyingine kikiondoka na ripoti ya muhula mzima. Autodesk huwapa wanafunzi programu zake bila malipo kwa mwaka mmoja unaohuishwa, mradi wathibitishe kwamba wamesajiliwa chuoni. ANSYS ina toleo la wanafunzi la bure lenye mipaka ya ukubwa wa kazi. QGIS, GNU Octave, FreeCAD na DWSIM ni huru kwa kila mtu. Ningefurahi kuona idara zinazokubali kazi iliyofanywa kwa Octave zikisema hivyo hadharani, kwa sababu mwanafunzi haambiwi na huamini MATLAB ya wizi ndiyo njia pekee.

Nakala ya barua hii naituma Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Laptopu ya laki sita ni siku 60 za kula na kulala, na wapo wanaoinunua hivyo hivyo, kwa kulikata bumu, yaani fedha hiyo hiyo, na kushindia mkate. Mkopo unacho kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo. Tume ikishatamka kwamba programu fulani inahitaji mashine ya uwezo fulani kuanzia mwaka fulani, Bodi itakuwa na msingi wa kupanga kiasi, na pengine wa kukitoa kwa mkupuo mmoja wakati mwanafunzi anapokihitaji. Rwanda wamewahi kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu chao laptopu zilizounganishwa nchini humo na kampuni ya Positivo BGH. Sisemi tuige. Mimi ningependelea mwanafunzi apewe uwezo wa kuchagua mtumba mzuri kuliko serikali kununua maelfu ya mashine za aina moja, ambazo zingemfaa wa umeme na kumwacha wa mitambo.

Pa kuanzia ni padogo. Chukueni programu za uhandisi peke yake, kwa mwongozo wa mwaka ujao, ule wa wahitimu wa kidato cha sita na ule wa wenye stashahada. Waandikieni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo cha Ufundi Arusha na wengineo. Waulizeni ni programu gani za kompyuta zinafundishwa na katika mwaka wa ngapi, zinahitaji mashine ya uwezo gani, na zipi zipo maabara na saa ngapi maabara hufunguliwa. Msikubali majina ya kampuni za kutengeneza laptopu kwenye majibu. Uwezo tu, ili safu isigeuke tangazo. Mkuu wa idara anayezijua kozi zake atajibu yote hayo jioni moja.

Rasimu ya safu ya uhandisi ujenzi ninayo tayari, kurasa mbili. Nitaileta ofisini kwenu mkinipa siku.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi, Dar es Salaam

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu