Mbegu inafika kisha mvua: msaada wa serkali kwa walimaji unapotelea wapi?

Hapa Mashariki kila mlimaji anajua kalenda yake. Msimu A unaanza mwezi wa tisa, msimu B mwezi wa pili, na wenyi mashamba ya mabondeni wanalima msimu C wakati wa kiangazi. Maharagi yakichelewa majuma matatu kuingia udongoni, mvua inakatika mbele hayajakomaa. Serkali nayo iko na kalenda yake: bajeti inapigiwa kura Kinshasa mwisho wa mwaka, feza zinatoka polepole, na siku mbegu zinagawanywa mbele ya kamera, watu wengi wamekwisha panda ile kidogo waliyobakisha nyumbani.

Kwa hiyo ulizo la wakaaji wengi si tu "serkali imetoa ngapi?" Ni hili pia: imefika lini, na kitu gani kinabakia kwa mlimaji kisha mavuno?

Ahadi hazikukosa

Tangu wakati wa Mobutu kilimo kiliitwa "cha kwanza kati ya vya kwanza". Rais Félix Tshisekedi naye alisema udongo ulipize kisasi juu ya madini, maana nchi iishi kwa shamba kuliko kwa mgodi. Mwaka 2003, kule Maputo, nchi za Afrika ziliahidi kuweka 10 kwa mia ya bajeti katika kilimo. Ahadi ilirudiliwa Malabo mwaka 2014. Kongo ilikuwa ndani, lakini sehemu ya kilimo katika bajeti yetu imebakia chini sana ya kiasi hicho.

Sheria pia iko. Ile ya tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 2011 inaahidi mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo, inaahidi baraza ambamo walimaji wanaketi pamoja na viongozi, na inasema mbegu, mbolea na vyombo vya kilimo vinavyotoka inje visilipishwe ushuru mpakani. Ni walimaji wangapi wa Walungu, Lubero ao Djugu wamekwisha sikia habari ya ile sheria?

Wakati feza nyingi zilipatikana, zilitumwa mahali pamoja. Bukanga-Lonzo, shamba kubwa lililozinduliwa mwaka 2014 upande wa Bandundu ya zamani, lilikula mamia ya mamilioni ya dola na kisha likasimama. Kesi yake ilifikia kuhukumiwa kwa aliyekuwa waziri mkuu, Matata Ponyo, mwaka 2025. Somo moja liko wazi: trakta mia kwa shamba moja hazimsaidii mama wa Kabare mwenyi kulima kipande kisichofika hektari moja.

Mkono mmoja unatoa, mwingine unakamata

Tuseme mbegu nzuri imefika kwa wakati, na mavuno ni mengi. Sasa yanatoka namna gani? Mwaka 2017 wachunguzi wa kituo IPIS cha Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Vingine vilikuwa vya vikundi vyenye silaha, lakini vingi vilikuwa vya askari wa serkali na vya maofisa wenyi kulipisha kodi za kila namna.

Wengi wanafikiri mwenyi kulipa kizuizi ni mwenyi kamio. Si hivyo. Mnunuzi anahesabu vizuizi mbele ya kupanda kijijini, anahesabu matope na siku ambazo kamio itakwama, kisha anapunguza yote kwa bei ya gunia. Mama mwenyi kuuza muhogo hajafika hata siku moja kwenye ile kamba, lakini ni yeye anailipa. Kilo kumi za mbegu za bure zinaweza kumezwa na safari moja ya kupeleka mavuno sokoni.

Na kule mjini mwenyi kununua hapati bei nzuri. Ndiyo maana unga wa mahindi wa Uganda na Tanzania unauzwa katika miji yetu ya Mashariki, na Lubumbashi inaangalia Zambia kila mara unga unapokosekana. Nchi inahesabiwa kuwa na hektari karibu milioni 80 zinazofaa kulimwa, na sehemu ndogo tu inalimwa.

Vita imeongeza mzigo

Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23, mwezi wa kwanza na wa pili 2025, mabenki yalifungwa na kooperative nyingi zikakosa mkopo wa msimu. Kwa upande wa Beni, Lubero na Ituri, walimaji wanauawa na ADF shambani. Mwaka ule ule Marekani ilifunga USAID, na miradi mingi iliyokuwa inaziba pengo la serkali ikasimama. Wakimbizi wa ndani wanarudia mashamba yao bila jembe wala mbegu.

Kinachowezekana bila kungoja

Mambo fulani hayaombi mamia ya mamilioni. Kituo cha INERA Mulungu, huko Kabare, kimekwisha toa aina nzuri za maharagi. Mbegu zikizalishwa na kooperative za karibu na kununuliwa mwezi wa saba, msimu A hautazikosa. Kamati za kijiji za kutunza barabara, zinazoitwa CLER, zinajua kufungua mitaro kwa chepeo na toroka. Zinakosa malipo, na salongo peke yake haitoshi. Kila mwenyi kununua mafuta ya gari analipa sehemu kwa FONER, mfuko wa kutunza barabara. Wakaaji wako na haki ya kuuliza ile feza imefika kwa njia gani ya mashambani.

Na orodha ya kodi halali ingebandikwa kwenye kila soko na kila kizuizi, kwa Kiswahili, na kiasi chake. Hiyo inaomba karatasi, na kiongozi anayekubali kukasirisha watu wake mwenyewe. Ndipo iko shida.

Basi wakati kiongozi atakuja usultanini kutoa majembe ao trakta, maulizo ni machache: mbegu itakuwa hapa tarehe gani? Nani atalipa mafuta ya trakta na fundi wake? Kati ya hapa na soko, vizuizi vingapi vitaondolewa? Bila majibu ya haya, sherehe itaisha na bei ya gunia itabakia ile ile.