Kichwa cha treni cha mtumba kikodiwe, kisinunuliwe

Sheria ya Reli ya mwaka 2017, iliyounganisha RAHCO, iliyomiliki miundombinu, na TRL, iliyoendesha treni, kuwa Shirika la Reli Tanzania (TRC), iliacha mlango wazi kwa kampuni binafsi kuendesha treni zake kwenye njia ya serikali kwa kulipa ada. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo imekwisha kupitisha treni za mwendeshaji binafsi. Kwa hiyo mwenye shehena ya saruji, mbolea au shaba sasa ana sababu ya kuulizia bei ya kichwa cha treni. Kipya kinagharimu mamilioni ya dola, hivyo macho yanakwenda kwenye mtumba. Hapo wengi watakosea, si kwa kuchagua mtumba bali kwa kutaka kuumiliki. Rai yangu ni kwamba anayeanza biashara hii akodi, na alipe kwa kilomita ambazo kichwa kimevuta mzigo, si kwa miezi ambayo kimekaa yadi.

Dai kwamba mtumba ni chuma chakavu tunachotupiwa halistahili uzito linaopewa. Kichwa cha dizeli huundwa kikitarajiwa kufumuliwa: injini, jenereta na mota za magurudumu hutolewa na kurudishwa, fremu ikabaki ileile kwa miongo. Rift Valley Railways, iliyokuwa ikiendesha reli ya Kenya na Uganda, kuanzia 2014 ilileta vichwa 20 vya B23-7 vilivyokarabatiwa, aina ambayo General Electric iliacha kuitengeneza mwaka 1984. Wala upya si dhamana. TAZARA ilianza na vichwa vya DFH2 kutoka China, vipya kabisa, navyo vikalemewa na mlima kati ya Mlimba na Makambako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikabidi viletwe vya muundo wa U30C. Kilichoamua ni kichwa kuendana na njia.

Na kuendana huko ndiko kunakomfunga mnunuzi. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067. Tofauti haifiki vidole vinne, lakini inatosha kulazimisha mzigo uhamishwe kutoka treni hadi treni pale Kidatu. India ilipoanza mwaka 1992 kupanua njia zake za mita moja, ilibakiwa na vichwa vingi vinavyofaa Reli ya Kati. Afrika Kusini na New Zealand zina upana sawa na wa TAZARA. Cha Marekani lazima kibadilishwe magurudumu na uzito wake ugawanywe kwenye ekseli nyingi zaidi, kwa kuwa ekseli ya huko hubeba karibu maradufu ya inayoruhusiwa huku. Ukishagharimia yote hayo, wa kukununulia siku ukishindwa ni wachache mno. Lori lililokosa mzigo wa Tunduma litapata mteja Mbeya, au litapelekwa barabara nyingine. Kichwa cha treni kina njia moja, nayo si mali yako. Katika mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 mto Mkondoa ulifagia reli upande wa Kilosa, treni zikasimama kwa miezi. Riba ya benki haisubiri mto upungue. Hata mkataba wenyewe wa kuendesha treni unaweza kukatika kabla ya reli: Rift Valley Railways ilipewa miaka 25 mwaka 2006, Kenya ikauvunja 2017, miaka mitatu tu tangu vichwa vile vianze kuwasili.

Atakayenipinga atataja TRL, na ana haki. Kuanzia 2007 kampuni ya RITES ya India ilishika asilimia 51 ya hisa za TRL pamoja na usimamizi, na TRL hiyohiyo ikakodi kwa RITES vichwa vya mtumba. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na mkataba wa miaka 25 haukumaliza hata mitano. Lakini tatizo lilikaa wapi? Mwenye mali na msimamizi wa mteja walikuwa mmoja, kwa hiyo aliyepaswa kudai punguzo kichwa kinapolala karakana alikuwa upande wa anayepokea kodi. Mpangaji huru angedai.

Pingamizi zito zaidi ni la hesabu: ukikodi kwa miaka kumi utalipa zaidi kuliko aliyenunua. Ni kweli, ikiwa mzigo upo Januari hadi Desemba na karakana ni yako. Mwenye mkataba mrefu wa shaba na mafundi wake mwenyewe anunue, sina neno naye. Wa mbolea na pamba, ambao mzigo wao huja kwa msimu, watakuwa wanalipia chuma kilichosimama nusu ya mwaka.

Wakodishaji wapo. Mwaka 2025 Traxtion ya Afrika Kusini ilitangaza uwekezaji wa randi bilioni 3.4 katika vichwa 46 na mabehewa 920. Mkataba nao useme mambo ambayo kwa kawaida huachwa: matengenezo na vipuri ni juu ya mwenye kichwa, kikiharibika alete kingine kwa muda uliotajwa kwa saa, na kodi isimame njia ikifungwa. Kabla ya kusaini, mafuta ya injini yapimwe maabara, unene wa magurudumu upimwe, na kichwa kivutishwe mzigo kamili mbele ya fundi wako, si wa kwao. Hakuna mkodishaji atakayekubali masharti hayo kwa bei nafuu asipojua njia itakuwa wazi siku ngapi kwa mwezi na ada ya kupita itapanda lini. Takwimu hizo wanazo TRC, TAZARA na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, na zinapaswa kuchapishwa kila robo mwaka, kipande kwa kipande, kile cha mafuriko cha Kilosa hadi Gulwe kikitangulia.