Tusinakili, tupachike

Muhula uliopita jaribio la mtandaoni liliniuliza: kwa mujibu wa Piaget, akili ya mtoto hukua kwa hatua ngapi? Nikajaza nne. Mashine ikasema nimekosa, jibu ni tatu. Nikamfuata mhadhiri na daftari mkononi. Akashangaa: "Hilo mbona nimesharekebisha?" Kweli alirekebisha, ila kwenye kozi moja. Jaribio lilelile lilikuwa limenakiliwa kwenye kozi tatu, na nakala mbili ziliendelea kudanganya watu. Wapo wenzangu walioingia nayo hiyo "tatu" kwenye UE.

Simsemi mwalimu wangu vibaya. Hakuna aliyemwonesha njia nyingine, na njia ipo humohumo kwenye mfumo.

Mfumo wetu ni Moodle, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 2002. Nguvu yake ni kupokea programu-jalizi, yaani vipande vinavyochomekwa bila kuufumua mfumo mzima. H5P, iliyoanzia Norway, ilikuwa inachomekwa hivyo, na tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019 imo ndani ya Moodle yenyewe. Unatengeneza chemsha bongo, kadi za msamiati, au video inayosimama katikati na kukuuliza swali. Huandiki msimbo hata mstari mmoja. Kipande kikikamilika ni faili moja tu, na ukilipeleka kwenye tovuti ya WordPress yenye programu-jalizi hiyo, linafanya kazi vilevile.

Sasa hapa ndipo tunapoteleza. Ukichukua kipande kutoka hazina ya maudhui ya Moodle, unaulizwa: unataka nakala, au kiungo cha kile cha asili? Wengi tunabonyeza nakala, nadhani kwa mazoea ya kudesa. Ukichagua kiungo, unasahihisha mara moja na kozi zote zinapata sahihisho. Ni kweli mwenye kipande akikiharibu kimeharibika kwa wote. Lakini kosa linalotazamwa na madarasa matatu litapigiwa kelele mapema.

Kitu kimoja nakikataa: H5P kwa mtihani wa maksi. Usahihishaji wake unafanyika kwenye kivinjari cha mwanafunzi, maana yake majibu yameshafika kwenye simu yake, na anayejua pa kuchungulia atayaona. Iwe ya mazoezi.

Na jamani, hili si la watu wa kompyuta peke yao. Tukienda mazoezi ya kufundisha, bando ni la kwako na intaneti ya shule usiitegemee. Ipo programu ya bure inaitwa Lumi: unaiweka kwenye kompyuta, unahariri H5P bila intaneti, kisha unaitoa kama faili la kubeba kwenye fleshi. Mwaka jana nilipoteza jioni tatu nikitunga maswali ambayo mwenzangu wa shule ya jirani alikuwa nayo tayari.

Ninaloiomba serikali ya wanafunzi ni dogo: ipeleke hoja kitivoni tupate hazina moja ya pamoja, kila kipande kiwe na jina la anayekitunza, na tupewe saa mbili za mafunzo kabla hatujatawanywa mashuleni. Kipande changu cha Piaget kiko tayari. Hatua ni nne, nimehakiki mara mbili.