MFUNGULIE KABLA HAJAOMBA



Ndugu zangu katika imani, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Ramadhani iliyopita tuligawa tende na maji ya chupa msikitini. Ikaadhiniwa Magharibi, watu wakafungua. Mzee mmoja wa safu ya mbele hakunywa. Aliizungusha chupa, akaifuta kwa kanzu, akaizungusha tena, kisha akaiweka pembeni. Nikadhani anawawekea wajukuu. Baada ya sala nikamuuliza, akanijibu kwa sauti ya chini: "Sheikh, mikono haina nguvu tena."

Subhanallah! Mtu kafunga kutwa, maji anayo mkononi, na kiu iko palepale. Na sisi tunahesabu kuwa tumemfuturisha.

Niliporudi nyumbani nikamwangalia mama. Vidonge vyake vya presha vya siku tatu vilikuwa bado kwenye karatasi yake. Vidole vilishindwa kuvibonyeza vitoke. "Sikutaka kuwasumbua," akasema. Na mimi naishi naye nyumba moja!

Suratul Maa'uun, sura ya 107, tumeihifadhi tangu chuoni. Inamalizia kwa kuwalaumu wanaozuia misaada midogo. Wanazuoni wa tafsiri wametolea mfano ndoo, chungu na shoka, vitu majirani wanavyoazimana. Kwa maoni yangu, kufungua kifuniko nako kumo humo.

Utasema, "Si aombe tu?" Ndugu yangu, kuomba ni kuzito. Mikono ile ndiyo iliyokuna nazi na kukufulia nepi. Leo imwombe mtoto kufungua pakiti ya maziwa? Wengi huona bora wakae na njaa.

Basi fanya hivi. Mpe maji yakiwa yamefunguliwa. Mtolee kidonge saa yake ikifika. Vifuniko vya nyumbani usivikaze sana, ila dawa ziwe mbali na watoto. Usimcheke, wala usimpokonye kitu mbele za watu. Nawe mwenye duka, muulize: "Mzee, nikufungulie?"

Wala usiseme "ni uzee tu". Baridi yabisi, kisukari na kiharusi hudhoofisha mikono, na vina matibabu. Mpeleke hospitali. Mkono mmoja ukilegea ghafla, usingoje kesho.

Leo kabla ya kulala, mwangalie mzee wako anavyofungua chupa. Usimuulize, mwangalie tu.

Allah atujaalie tuwatumikie wazazi wetu wangali hai, na awarehemu waliotangulia. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.