Vichwa vya treni vya zamani si mitraye tu: Lualaba ihesabu urithi wake kabla ya kuuza chuma

Siku hizi Kolwezi, mazungumzo juu ya reli ni mazungumzo ya kesho. Watu wanaongea juu ya Lobito, juu ya shaba na kobalti zitakazofika baharini bila kukaa wiki nyingi kwenye foleni ya malori huko Kasumbalesa, juu ya mamilioni ya dola yanayoahidiwa. Ni mazungumzo mazuri. Lakini reli inapotengenezwa upya, kitu cha kwanza kuondoka ni chuma cha zamani: boila, magurudumu, vichwa vya treni vilivyolala kwenye depo miaka mingi. Kwa mnunuzi wa mitraye, hiyo ni tani kadhaa za chuma. Kwa jimbo la Lualaba, ni ukurasa wa historia ambao ukishayeyushwa haurudi.

Wengi wanaijua Fungurume kwa sababu ya mgodi. Wachache wanajua kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia Fungurume ilikuwa kituo cha jeshi. Mwezi wa nane mwaka 1915, Waingereza walishusha hapo mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, zilizotoka London kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Katanga. Kutoka Fungurume, matrekta mawili ya mvuke yalizivuta kupitia milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200, hadi Sankisia ambako reli ilianza tena. Njia ilikatwa porini na madaraja yalijengwa kwa miti. Trekta ziliposhindwa, ng'ombe na mikono ya watu vilivuta. Maji ya boila yalipokosekana, wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani. Baada ya hapo safari iliendelea kwa reli hadi Bukama, kwa mto Lualaba hadi Kabalo, na kwa reli tena hadi ziwa Tanganyika, pale ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, mashua hizo ziliteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani.

Kamanda wa Kiingereza aliyeongoza safari hiyo, Geoffrey Spicer-Simson, ameandikwa katika vitabu vingi. Wanawake wa Katanga waliobeba maji hawana hata kibao kimoja kando ya barabara.

Upande wa pili wa ziwa, mambo yalikwenda tofauti. Wajerumani walikuwa wamejenga meli yao kubwa, Graf von Götzen, huko Papenburg, wakaifungua vipandevipande, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam na kuiunganisha upya Kigoma. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Mwaka 1924 iliinuliwa kutoka chini ya maji, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Miaka mingi ikabeba abiria, samaki na mizigo ya watu wa ziwa. Meli ya vita iliokoka kwa sababu ilipewa kazi nyingine.

Vichwa vya treni vya Vita vya Pili vina hadithi inayofanana na hiyo. Marekani peke yake ilijenga zaidi ya 2,100 vya aina ya S160 na kuvivusha bahari ili vifuate majeshi. Vita vilipoisha, vilitawanyika: Poland, Hungaria, Ugiriki, Uturuki, China. Vingi vilikatwakatwa. Vichache viliendelea kuvuta mizigo hadi uzee, na ndiyo maana vingine vilikutwa bado vipo, vikanunuliwa na wapenzi wa reli na kurudishwa Uingereza, ambako vinatembea hadi leo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, reli ya Kenya na Uganda ilipata Garratt kutoka kundi lililojengwa Uingereza kwa mahitaji ya vita huko Burma. Moja ya aina hiyo, namba 5505, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Ukitazama mifano hii yote, utaona njia mbili tu za kuokoka. Mashini huokoka kwa sababu bado ina kazi, au kwa sababu mtu mwenye mamlaka ameamua isikatwe. Katanga, njia ya kwanza ilianza kufungwa zamani. Mwaka 1952 umeme uliingia kwenye reli kati ya Likasi na Tenke, kisha dizeli ikaja, na mvuke ukapoteza kazi. Inabaki njia ya pili: uamuzi.

Na jimbo hili lina sababu ya kuamua. Reli ya Tenke hadi Dilolo, inayopita Kolwezi, ilifunguliwa mwaka 1931. Wakati wa Vita vya Pili, madini ya urani ya Shinkolobwe yalipelekwa Marekani kupitia Lobito na pia Matadi. Yaliyokwenda Lobito yalipita njia hii hii, nyuma ya mashini za mvuke. Urani hiyo ilitumika kutengeneza bomu la atomiki. Mtoto wa shule wa Kolwezi anapaswa kuweza kugusa kitu kinachomwambia: vita vya dunia vilipita hapa, na babu zako ndio waliopakia, ndio waliochochea moto.

Kuna watakaosema: hii ni anasa. Wafanyakazi wa SNCC wamewahi kukaa miezi na miezi bila mishahara. Mwezi wa tatu mwaka 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika eneo la Lubudi, na zaidi ya watu 70 wakafa. Basi kwa nini kutafuta pesa za mashini zilizokufa, wakati reli inaua walio hai?

Hoja hiyo ina uzito, na haifai kudharauliwa. Reli salama na mishahara vitangulie. Lakini kinachoombwa hapa hakigombanii pesa hizo. Kuhesabu hakuhitaji mkopo wa benki. SNCC na serikali ya jimbo wanaweza kuandika orodha ya kila kichwa cha treni, kila boila na kila behewa la zamani katika depo za Kolwezi, Tenke na Dilolo, kisha kuzuia uuzaji wowote hadi orodha hiyo itangazwe. Vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi vinaweza kutuma wanafunzi wakiwa na simu zao kurekodi wazee waliofanya kazi kwenye reli, kabla hawajaondoka na maarifa yao. Na kampuni zitakazopata faida kutokana na njia ya Lobito zinaweza kuombwa kulipia paa na uzio wa mashini moja tu mbele ya gare ya Kolwezi. Kwa wanaosafirisha shaba kwa maelfu ya tani, huo si mzigo.

Chuma huuzwa mara moja, na pesa yake huisha mwezi huohuo. Mashini iliyosimama mahali pake inafundisha kila kizazi, na inaweza hata kuleta wageni wanaolipa. Mwenye kutia sahihi kwenye karatasi ya kuuza mitraye aulizwe kwanza swali moja: hiki unachouza, kimeandikwa wapi?